Masizi Chini ya Ngozi

Kwaru, kwaru, kwaru.

Mwatumu alifumbua macho gizani, akadhani ni panya. Alfajiri ilikuwa bado. Sauti ilitoka bafuni, naye alipopapasa swichi akamkuta binti yake Nasra, wa miaka minane, ameinamia beseni, anajisugua shavu kwa jiwe la kusugulia miguu. Ngozi ilishaanza kuchubuka, lakini lile doa jeusi, refu kama kokwa ya tende, lilikuwa palepale.

"Nasra! Unajifanyia nini, mwanangu?"

"Shuleni wananiita Koki."

Koki ndiyo ile kalamu ya wino mzito ambayo kila mtoto wa Johannesburg anayo mkobani.

Mwatumu alimpakata palepale sakafuni, moyo ukimsuta. Maana doa lile aliliweka yeye. Mkesha wa mwaka mpya, umeme umekatika mtaa mzima wa Rosettenville, Nasra alikimbia mlio wa fataki, akajikwaa, shavu likapasuka kwenye ukingo wa barabara. Damu haikukoma. Mwatumu akafanya alivyokuwa akifanya bibi yake kule Tanga: akakwangua masizi chini ya sufuria, akayashindilia kwenye jeraha. Damu ikakata. Jeraha nalo likafunga, masizi yamo ndani.

Mumewe, Mansour, aliporudi, Mwatumu aliona haya kusema. Mwanamke anayesomea uuguzi masomo ya jioni, anampaka mtoto masizi! Akasema fataki ilimrukia. Uongo ule ukakaa mwaka mzima, ukazoea nyumba kama mgeni asiyeaga.

Jumamosi wakaenda wote watatu Randburg, kwa daktari wa ngozi waliyesifiwa. Dokta Agnès alikuwa Mkongo wa Bukavu, mfupi, mwenye vidole vyepesi. Aliligeuza shavu la Nasra chini ya lenzi kana kwamba anasoma barua.

"Ilitokea namna gani?"

"Fataki, daktari," Mansour alijibu.

Dokta Agnès akaiweka lenzi chini. "Basi siigusi. Baruti ikibaki ndani ya ngozi, nuru ya leza inaiwasha. Inapasuka mule mule, inaacha tundu. Poleni sana."

Nasra aliuvuta ushungi wake ukafunika shavu.

"Haikuwa fataki," alisema Mwatumu.

Mansour akageuka. "Mama Nasra, unasema nini?"

"Ni masizi. Ya sufuria. Nilimpaka mimi."

Dokta Agnès akacheka, kicheko kizuri kisicho na dharau. "Eh, mama! Kwetu pia bamama banapakaka. Masizi ni meusi tii, na leza inapenda nyeusi. Ungenificha, ningemurudisha mutoto nyumbani bure."

Akampaka Nasra dawa ya ganzi, wakangoja saa nzima. Kisha kila mtu akavishwa miwani mizito. Mansour akawa kama fundi wa kuchomelea mageti. Dokta hakuwa na pupa. Alieleza kwamba ngozi yetu nyeusi ina rangi yake yenyewe, nuru ikizidi inaivunja na hiyo, kwa hiyo angeanza na vitone vitatu tu vya kujaribu.

Tak. Tak. Tak. Kama mafuta kikaangoni. Kila nuru ilipogusa, doa liligeuka jeupe kama unga, na ngozi ya pembeni haikubadilika hata kidogo. Mwatumu alisahau kufumba mdomo. Darasani alichora tabaka za ngozi mara ngapi? Leo alimwona mtu akipenya tabaka hizo bila wembe, akaenda kuvunja vumbi la masizi tu.

"Nuru inavunja," alisema Dokta Agnès akibandika plasta. "Kubeba ni kazi ya mwili wake. Tutarudia kila wiki sita, saba. Pengine kitabaki kivuli, sikudanganyi. Lakini itafifia."

Mwatumu alimshika mikono yote miwili.

Mansour alivua miwani polepole. "Mwaka mzima, Mwatumu. Fataki, fataki! Na mimi nawagombeza watoto wa watu mtaani."

Mwatumu akainamisha kichwa. Nasra akateremka kitandani, plasta shavuni, akaja akasimama kati yao, akamtazama baba yake.

"Baba, damu ilikuwa nyingi."