Ufa Uliowekewa Fremu

Niliusikia uvumi huo nikiwa nimeinamisha kichwa kwa msusi, na huko ndiko habari zote za mji wetu hupita kwanza kabla hazijafika kwa wenyewe. Msusi ana kitana mkononi, kingine mdomoni, akatamka kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "Ile sinema wanayoikarabati, wanasema roshani yake haitamaliza sherehe ya ufunguzi."

"Wanasema akina nani?"

"Wanasema tu, mama. Tulia, utanipindisha mstari."

Nikatulia. Mstari ukatoka mzuri kweli. Lakini maneno yale yaliingia sikioni yakakataa kutoka. Nilipika nayo, nikafua nayo. Baba yao akaniambia uvumi ni kama moshi wa jirani, ukifunga dirisha unapita. Nikafunga dirisha. Moshi ukawa ndani na mimi nikiwa ndani, tukatazamana. Maana chini ya roshani hiyo hiyo, kila siku ya kazi, alikuwa akipita kitindamimba wangu, fundi lipu.

Sinema yenyewe iko katikati ya mji, kwenye kona, jirani na duka la viatu. Ilipofungwa ikawa ghala la magunia, na magunia yalipoondoka wakahamia popo. Popo hawakulipa kodi lakini angalau walikuwa wepesi. Halafu, siku moja, wakubwa wa mji wakakumbuka kwamba waliipenda. Walikuwa wapi popo walipokuwa wanahamia, sijui. Labda walikuwa wanajiandaa kukumbuka.

Ikaundwa Kamati ya Kumbukumbu. Siyo Kamati ya Paa, wala Kamati ya Boriti. Ya Kumbukumbu. Wakatangaza kila mtu alete kumbukumbu yake iandikwe kwenye ukuta wa ukumbi wa mbele, pale pa kukatia tiketi. Mbona watu walikumbuka! Wanaume waliokutana na wake zao mle walikuwa wengi kuliko viti. Wifi yangu, dada yake baba yao, alipeleka kumbukumbu nne, mbili za kwake na mbili alizosikia kwenye foleni. Mimi nilipeleka moja: kwamba niliwahi kuingia mle na kitindamimba akiwa mchanga, akalia, nikatoka naye kwenye korido, nikambembeleza karibu na mlango wa choo huku nikisikia watu ndani wanacheka, na mpaka leo sijui walicheka nini. Wakanijibu kwa heshima kwamba kumbukumbu yangu haina mvuto. Hawakukosea. Choo chenyewe pia hakikuwa na mvuto.

Nilianza kumpelekea mwanangu chakula cha mchana. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, ana mikono yake na fedha yake, na kantini ilikuwa ng'ambo ya barabara. Haidhuru. Mama mwenye bakuli haulizwi anatafuta nini.

Nikamkuta juu ya kiunzi, karibu na dari, anatengeneza upya yale maua ya lipu yaliyodondoka enzi za popo. Kazi yake ilikuwa nzuri, na hilo nalisema bila upendeleo, au kwa upendeleo kidogo. Lakini macho yangu hayakukaa kwenye maua. Yalishuka kwenye roshani. Pale roshani inapokutana na ukuta palikuwa na ufa, unaanzia juu ya mlango na kwenda umepinda kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Na ufa huo ulikuwa umewekewa fremu ya kioo. Chini ya fremu, kibao cha shaba.

"Mwanangu," nikaita kutoka chini, "ule mbona hamjauziba?"

"Tumeambiwa tusiuguse, mama. Ni wa kihistoria."

Kumbe! Kwa mujibu wa kibao, ufa ulitokea siku watu walipopiga miguu kwa furaha steringi, shujaa wa picha, alipotokea, jumba zima likatikisika kwa shangwe. Kwa hiyo ufa ni shangwe. Nilifundishwa shule ya msingi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naona wenzangu waliosoma mbele zaidi, siku ya somo hilo walikuwa wanaumwa.

Mwenyekiti wa Kamati akatokea, mstaafu mmoja mwenye suti ya rangi ya maziwa na leso ya kufutia machozi, maana alikuwa hawezi kupita karibu na kiti cha zamani bila kulia.

"Karibu sana, mama. Umekuja kuona urithi wetu?"

"Nimekuja kuona mwanangu. Urithi nao nimeuona, unadondosha vumbi."

"Hilo ni vumbi la miaka mingi, mama."

"Ndiyo, lakini linadondoka leo."

Akacheka kama mtu anayechekea mtoto. Nikamwuliza kama mtaalamu yeyote ameiangalia ile roshani. Akasema mhandisi alikuja, kijana mzuri tu, ila hana hisia. Alitaka waweke nguzo za chuma chini ya boriti. "Fikiria, mama. Nguzo! Pale pale watu walipokuwa wanakaa wawili wawili! Tulimshukuru, tukamwacha aende zake."

"Na boriti?"

"Boriti ni zile zile. Hatukubadilisha hata moja." Leso ikatoka. "Hata kitambaa cha viti ni kile kile."

Mwanangu aliteremka kwenye kiunzi, akanishika kiwiko, akanitoa nje mpaka kwenye kivuli cha duka la viatu.

"Mama, unanitia aibu."

"Wewe umeuona ule ufa?"

Akaanza kukung'uta lipu viganjani. Mtoto wangu hajui kudanganya, na anajijua, ndiyo maana akikwepa swali najua nimepata jibu.

"Umeongezeka?"

"Mama, kazi yangu ni lipu. Boriti si yangu. Nikianza kupiga kelele juu ya boriti, Mwenyekiti ananiambia asante kama alivyomwambia mhandisi. Na ameshaniahidi kazi ya ukumbi wa manispaa. Unajua fundi wa kike anasubiri nafasi kama hiyo muda gani?"

"Siku ya ufunguzi utakaa wapi?"

"Juu. Mstari wa mbele wa roshani. Wametupa heshima."

Heshima! Nilirudi nyumbani na bakuli langu, nikaenda kwa kila mtu niliyedhani ana masikio. Baba yao akasema nimeanza tena. Diwani alisema atalifuatilia, na mpaka leo bado analifuatilia, nadhani lina mbio sana. Wifi yangu ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nguo ya kijani itampendeza roshanini.

Siku ikafika, alasiri yenye jua. Jumba lilikuwa limependeza, kusema kweli. Mazulia, taa, harufu ya bisi. Wazee wa mji wakapandishwa roshanini kwa mikono, mmoja mmoja, wamevaa vizuri, wanyonge wa magoti wote wamewekwa juu ya kitu kinyonge kuliko wao. Mwanangu mstari wa mbele, katikati, kichwa kimesukwa, anatabasamu. Wageni wa kawaida chini, na walio wengi wamejibana chini ya roshani kwa sababu huko nyuma ndiko viti vya kujificha.

Nilijaribu njia iliyonyooka. Nilimwambia mzee mmoja kwenye ngazi: "Mzee wangu, ile roshani si salama."

"Mjukuu," akanijibu, nami nina wajukuu, "mimi nilikaa hapa kabla hujazaliwa. Haikuanguka."

Nikamwambia mwingine, akaniambia siku za mtu zikifika zimefika. Watu wa ajabu sisi. Mwambie mtu kuna kifo, atakuuliza kiko mstari wa ngapi na kama kinaona picha vizuri.

Basi nikamfuata wifi yangu. Alikuwa roshanini katika nguo yake ya kijani, ananipungia mkono. Mdomo wa wifi yangu haujawahi kufungwa kufuli tangu aumbwe, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa hilo. Nikamwinamia.

"Wifi, nakwambia wewe tu. Usimwambie mtu. Hivi viti vya juu vina kunguni."

"Ati nini?"

"Hawakubadilisha kitambaa. Kile kile cha zamani. Mwulize Mwenyekiti."

Sijawahi kuona mtu akisimama haraka vile akiwa na viatu vya visigino. Nilikuwa bado sijafika ngazini nikasikia "kunguni" imenipita, ikafika kwa wazee. Na wao, ambao kifo kilikuwa hakiwatishi, wakaanza kukumbuka. Hapo ndipo niliposikia kumbukumbu za kweli siku ile.

"Lakini hata zamani walikuwepo!"

"Walikuwepo! Mimi nilikuwa natoka hapa nimevimba shingo!"

"Nilijua tu, nimeanza kuwashwa tangu nikae!"

Wakashuka. Waliopandishwa kwa mikono wakashuka kwa miguu yao, tena wanapitana. Tatizo likawa walitaka kukaa chini ya roshani. Nikamwambia wifi: "Na kunguni si wanadondoka?" Sikuhitaji kurudia. Dakika si nyingi nyuma kote kukawa kweupe, watu wamejazana mbele karibu na pazia, wanapekuana kola. Mwenyekiti naye akashuka, anajikuna kwa siri chini ya suti, huku akisema kitambaa ni cha asili na hakina wadudu.

Roshanini akabaki mtu mmoja tu. Mwanangu.

Yeye ananijua. Alinitazama kutoka juu, ameshika ukingo, na nikaona kwenye uso wake kwamba ameshafahamu kunguni wametoka wapi. Hakutabasamu tena. Taa zikaanza kufifia, picha inaanza, na yeye akakaa kitini kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri.

Nikapanda. Nikapita mbele ya ile fremu ya kioo, na kioo chenyewe kilikuwa kimepata mstari. Nikaenda mpaka mstari wa mbele, nikakaa kiti cha pembeni yake.

"Mama, shuka."

"Kwani kuna nini? Nimekuja kuangalia picha."

"Mama, nakuomba. Shuka."

"Wewe umesema pako sawa. Mimi ni nani nibishane na fundi?"

"Sikusema pako sawa! Nilisema si kazi yangu!"

"Basi tukae. Si kazi yangu pia."

Huko mbele steringi akatokea. Watu wakashangilia, na kwa heshima ya historia wakaanza kupiga miguu. Sakafu yetu ikajibu. Siyo sana, kama mtu anayegeuka usingizini. Mwanangu aliitazama sakafu, akanitazama mimi, na hapo ujasiri wote aliokuwa nao kwa ajili ya roho yake ukakosekana kwa ajili ya yangu. Akanikamata mkono, akanivuta. Hakunishika kwa adabu. Alinikokota kama gunia, ngazi mbili mbili, mpaka tukatokea mbele kwenye mwanga wa pazia.

Watu wanasema steringi hafi. Mtazamaji je? Picha haikufika mbali. Kulisikika mlio mmoja mkavu, kisha mwingine, halafu ukingo wa mbele wa roshani ukainama polepole kama kichwa cha msinziaji, boriti ikatoka ukutani, na mstari mzima wa heshima ukaenda kukaa juu ya viti vya wapenzi. Vumbi lilitufunika wote. Tulipohesabiana hapakukosekana mtu. Maua ya lipu ya mwanangu, nusu yalikuwa chini.

Kabla vumbi halijatulia, Mwenyekiti alikuwa ameshika kipaza sauti, anatueleza kwamba Kamati, kwa kuona mbali, iliwahamisha wageni mapema. Wiki iliyofuata akamwita mwanangu. Alitaka arudishe maua ya dari, na ile boriti iliyovunjika iwekwe kwenye kioo, na kibao. Mwanangu akamwambia: "Leteni boriti mpya kwanza, na mhandisi. Halafu mimi." Mwenyekiti akamshukuru. Ukumbi wa manispaa nao ukamshukuru.

Siku hizi akiitwa kazi anakagua kilicho juu ya kichwa chake kabla ya kukoroga saruji, na kwa hiyo haitwi sana. Ananilaumu kidogo. Mimi nalala.

Nawaandikia wenye watoto na wenye miji yenye majumba ya zamani. Mambo ya kuepuka:

Usikae juu ya roshani iliyopakwa rangi tu. Wala chini yake.

Usilipe jengo heshima kwa sababu ulilipenda ukiwa kijana. Wewe pia umezeeka, jiangalie mgongo.

Usimpe usimamizi wa boriti mtu anayelia akiona viti.

Usimfukuze mhandisi kwa kukosa hisia.

Usimkubalie mwanao neno "si kazi yangu" kama kazi hiyo iko juu ya kichwa chake.

Usipige miguu ndani ya jumba la zamani, hata steringi awe nani.

Usikae karibu na mlango uliofungwa kwa mnyororo. Hilo halikututokea, lakini nimelifikiria.