Gwaride la Watu Tisa

Nesi alimchoma mzee sindano ya mchana, akafunga mkoba wake, kisha akamshika Kitinda mkono wakatoka hadi nje ya mlango. Aliongea kwa sauti ya chini, macho chini.

"Dada yangu, sitakuficha. Kifua kimejaa. Kama kuna ndugu wa kuitwa, mwite leo."

"Leo leo?"

"Ikiwezekana kabla ya saa nane."

Kitinda alimpandisha mtoto wake vizuri mgongoni. Miezi saba, mzito kama gunia, na amelala fofofo kama vile hakuna linalotokea duniani. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akapiga moyo konde, akarudi ndani.

Mzee alikuwa ameegemea mito mitatu, shuka limenyooka juu ya miguu yake kama limepigwa pasi. Hata katika ugonjwa hakukubali shuka lenye kunyanzi. Ndiyo tabia aliyotoka nayo jeshini, pamoja na kipande cha chuma kilichobaki kwenye nyonga tangu vita vya mpakani. Baada ya jeshi akaingia polisi, akakaa miaka thelathini na mmoja, akastaafu na cheo cha sajenti. Mtaa mzima ulimwita Afande. Hata muuza maji alimpigia saluti, nusu kwa heshima, nusu kwa utani, naye aliijibu kila mara kwa heshima kamili.

"Amekwambia nini huyo?"

"Kasema upumzike, baba."

"Uongo wako hata haujaiva. Nimehoji waongo waliobobea, wewe utaniweza?" Akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Lete karatasi. Zile zenye mistari. Na kalamu ya wino mweusi."

Kitinda alijua ni za nini. Alikuwa akizingoja na kuziogopa tangu Jumamosi.

Jumamosi alikuja mwanamke mmoja, umri wa miaka ishirini na kitu hivi, amevaa vizuri, na adabu zake zote. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichakaza. Akasema baba yake alifungwa maisha miaka kumi na tisa iliyopita, kwa kesi ya duka lililovunjwa na mlinzi akauawa. Mpaka leo anasema si yeye. Alhamisi mahakama itasikiliza ombi lake kwa mara ya mwisho. Likitupwa, basi. Akauliza kama mzee anakumbuka chochote kuhusu lile gwaride la utambulisho, mtuhumiwa alipopangwa na watu wengine ili shahidi amwonyeshe, maana shahidi alikuwa mmoja tu, na kesi yote ilisimama juu ya kidole cha shahidi huyo.

"Sikumbuki," mzee alimjibu.

Yule mwanamke akashukuru, akaacha namba ya simu, akamtakia mzee afya njema. Tangu siku hiyo mzee hakula kitu cha maana. Jumapili akamwambia bintiye, "Nilimdanganya." Akageukia ukutani.

Leo ilikuwa Jumanne.

Kitinda aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda, karatasi juu ya sinia magotini. "Haya baba. Sema."

"Maelezo ya mtu anayekaribia kufa."

"Baba!"

"Hicho ni kichwa cha habari. Andika. Pigia mstari." Akavuta pumzi, ikapita kifuani kwa mlio kama wa mlango mbovu. "Jinsia, mwanaume. Umri, miaka sabini na minne. Kazi, mstaafu."

"Baba, haya wanayajua. Twende kwenye lile jambo."

"Harukwi mtu wala mstari. Maelezo yasiyo na kichwa wakili anayachana kwa dakika mbili." Macho yake yalikuwa makali kama zamani. "Anwani. Elimu. Andika nina akili timamu na sikulazimishwa na mtu."

Akaandika. Kila neno lilimgharimu mzee pumzi, naye Kitinda alizihesabu pumzi hizo kama mtu anayetazama maji yakivuja kwenye ndoo moja aliyonayo. Alipokosea akakata kwa haraka. Mzee akanyoosha kidole: "Hapo ulipokata, nitie saini ndogo. Wasije wakasema umebadilisha." Mzee akatia. Nusu dakika ikapotelea hapo.

Simu ikaita. Ilikuwa kaka yake, Koplo, polisi kama baba yao.

"Nesi kanipigia. Nimepata gari, niko njiani, tunampeleka hospitali kubwa. Yuko macho?"

"Yuko macho. Ananiandikisha."

Upande wa pili Koplo aliguna. Kisha: "Anakuandikisha nini?"

Hakungoja jibu. Kaka alikuwa mtu wa kuelewa mapema.

"Sikiliza, Kitinda. Weka hiyo kalamu chini. Mzee ana homa, hajui anachosema. Unataka azikwe kama mhalifu? Wenzake wanampangia tarumbeta na bendera. Na mimi wiki ijayo niko mbele ya bodi ya kupandishwa vyeo. Unanisikia? Usiandike kitu. Nakuja."

Akakata. Mzee alikuwa amesikia yote. Sauti ya Koplo haikuwahi kuhitaji simu.

"Yuko wapi?"

"Amesema yuko njiani."

"Basi ana dakika ishirini. Ukurasa wa pili."

Kitinda akatazama kalamu. Kama mwana, alitamani baba yake aondoke akiwa Afande yule yule wa saluti za mtaani. Kama mama, mwenye pumzi za mtoto shingoni kwake, alimfikiria yule mwanamke: aliachwa na umri gani? Miaka mitatu? Minne? Akageuza karatasi.

"Mimi ndiye niliyesimamia gwaride," mzee alianza, polepole. "Niliokota watu wanane barabarani. Na mtuhumiwa, tisa. Urefu wao karibu sawa. Rangi karibu sawa. Niliwapa wote mashati ya kufanana. Nilikuwa fundi wa mambo hayo." Akafumba macho. "Maji."

Akampa kijiko. Yakamwagikia kidevuni.

"Saini huu ukurasa kwanza," Kitinda alisema. "Na ule wa kwanza."

Mzee akasaini mara mbili, mkono ukitambaa kama mdudu aliyejeruhiwa. Nje, gari likafunga breki. Mlango wa gari ukabamizwa. Viatu vizito vikaja vikipanda ngazi mbili mbili.

"Endelea, baba. Endelea!"

"Mtu akiingia mahabusu anavuliwa mkanda na kamba za viatu. Asije akajinyonga. Siku ile nilimrudishia mkanda. Kamba nilisahau."

Koplo alikuwa mlangoni, amevaa sare, kofia mkononi, jasho likimtiririka. "Baba, inatosha. Gari lipo nje. Kitinda, lete hizo karatasi."

"Kaka, muache amalize."

"Nimesema lete!" Akanyoosha mkono. Mtoto akashtuka mgongoni, akaanza kulia.

"Koplo!" Ilikuwa sauti ya uwanja wa paredi, sijui mzee aliitoa wapi ndani ya kile kifua. Koplo akasimama wima kabla hajajua amesimama. "Umeingia wakati maelezo yanachukuliwa. Utaratibu unasemaje?"

Koplo akabana kofia kwapani. "Anayeingia anakaa kimya, afande."

"Kaa kimya."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Kitinda akamvuta mtoto mbele, akampa ziwa ili anyamaze, akaendelea kuandika kwa mkono mmoja.

"Shahidi akapita," mzee akasema, na sauti sasa ilikuwa ya chini kiasi kwamba wote wawili waliinama. "Hakutazama sura hata moja. Alipita akitazama chini. Watu wanane, kamba zimefungwa. Kwa mtu wa sita, ndimi za viatu zimelala nje. Shahidi akasimama. Akamgusa bega. Mimi nilifuata macho yake. Nikaona alichokiona."

"Nini baba? Sema kwa maneno yako."

"Hakumtambua mtu. Alitambua viatu. Ilikuwa ni kusema sentensi moja tu: gwaride limeharibika, tuanze upya. Mkubwa wangu alikuwa dirishani ananitazama. Gazeti lilikuwa linapiga kelele kila siku. Nikajaza fomu. Nikaandika wote walifanana kwa mavazi. Nikasaini. Miezi mitatu baadaye nikapewa usajenti."

Kalamu ya Kitinda ilisimama. Aliiona asubuhi moja ya utotoni, na nyingine, na nyingine: baba yake, amevaa sare, amepiga goti kwenye vumbi la geti la shule, anamfunga kamba za viatu. Fundo juu ya fundo. Watoto wengine pia, hata asiowajua. Akiona kamba imelegea anainama. Walimu walimsifu kwa upole wake. Kitinda alikuwa amejivunia goti lile maisha yake yote.

"Andika," mzee akamwambia, kama aliyemsoma. "Usinitazame. Andika."

Akaandika mpaka nukta ya mwisho.

"Nisomee."

Akasoma ukurasa wa tatu, haraka, akijikwaa. Mzee aliitikia kwa kichwa kila mwisho wa sentensi. Alipofika "nikapewa usajenti", mzee hakuitikia. Kitinda akadhani anafikiri. Akamwekea kalamu kati ya vidole. Kalamu ikateleza juu ya shuka, ikaacha mstari mweusi.

"Baba?"

Ule mlio wa kifuani ulikuwa umekoma. Chumba kikawa kikubwa ghafla. Koplo akasogea, akaweka vidole viwili shingoni kwa baba yake, akavibakisha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ametuacha," akasema.

Kitinda hakulia. Alikuwa akiutazama ukurasa wa tatu. Ukurasa wenye viatu, wenye macho ya shahidi, wenye fomu. Chini yake pamebaki peupe. Ule wa kwanza na wa pili, zenye anwani na mashati ya kufanana, zilikuwa na saini nzuri kabisa.

Mkono wa mzee ulikuwa na joto bado. Akauchukua. Akavipanga vidole vyake juu ya kalamu, kimoja kimoja, kama anavyompanga mtoto vidole juu ya kijiko. Mtu gani angejua? Baba alitaka. Alikuwa amebakiza sekunde tano tu.

"Usifanye hivyo," Koplo akasema nyuma yake.

"Wewe nyamaza! Ulitaka zichanwe. Mara hii umekuwa mtu wa haki?"

"Kitinda, nisikilize. Watapeleka kwa mtaalamu wa miandiko. Wakigundua saini moja si yake, zote tatu ni takataka, na wewe utalala ndani na mtoto wako huyo. Na yule mtu atafia gerezani." Akamtazama baba yao. "Na pia... ndicho alichofanya yeye. Alijaza kilichopungua ili kesi ikae sawa."

Kitinda akakaa vile vile, mkono wa baba ndani ya mkono wake. Kisha akavifungua vidole, akaulaza mkono juu ya shuka, akaichukua kalamu. Akageuka na kumnyooshea kaka yake.

"Basi andika wewe."

"Niandike nini?"

"Ulichosikia. Mimi ni binti yake na mwandiko ni wangu, watasema nimetunga. Wewe ni polisi, upo kazini, na kila mtu anajua ungepoteza nini. Ulikuwa umesimama hapo. Umesikia kamba, umesikia shahidi, umesikia fomu."

Koplo aliitazama kalamu kana kwamba ina moto. "Unajua wiki ijayo nina nini?"

"Najua."

"Unajua watanifanyaje kazini? Mtoto anayemfukua baba yake kabla hajazikwa?"

"Najua, kaka. Sikulazimishi." Na kweli hakumlazimisha. Alimhamisha mtoto ziwa la pili, akangoja. Nje, dereva akapiga honi mara moja, akaacha.

Koplo akaenda dirishani. Akarudi. Akaweka kofia juu ya meza, akaiondoa, akaiweka juu ya kiti. Hatimaye akapiga magoti kando ya kitanda kwa kuwa kigoda kilikuwa na mwenyewe, akaitandaza karatasi mpya kwenye sinia, akaanza. Mwandiko wake ulikuwa wa kikazi, wa herufi zilizosimama. Aliandika bila kuinua kichwa mpaka karibu na mwisho. Hapo akasita, kisha akaongeza mstari, akausoma kwa sauti:

"Nilipoingia nilijaribu kumzuia marehemu asiendelee, kwa kuogopa jina la familia na cheo changu."

"Hilo si lazima uliweke," Kitinda akasema polepole.

"Ni lazima. Nisipoliweka mimi, wataliuliza wao." Akatia saini, akaandika namba yake ya kazi, tarehe, saa. Saa saba na dakika arobaini.

Ndipo akaomba ile namba ya simu iliyoachwa Jumamosi. Kitinda akaitoa chini ya chupa ya dawa. Koplo akapiga, akasimama wima katikati ya chumba, uso kwa baba yake, kama anayengoja amri. Ikaita mara nne.

"Haloo," alisema mwanamke.

"Dada, mimi ni... ni mtoto wa yule sajenti mstaafu, uliyekuja kumwona Jumamosi." Alikuwa amepanga maneno, Kitinda aliyaona yamejipanga usoni mwake, moja nyuma ya jingine.

"Aa, shikamoo kaka. Samahani kama niliwasumbua siku ile," sauti ikasema, ya upole kabisa. "Mzee anaendeleaje?"

Koplo akafungua mdomo. Akakaa chini sakafuni, sare na yote, simu sikioni, akalia kwa sauti. Kitinda akaichukua simu mkononi mwake.