Gauni la Kuposwa la Chelagat

Uvumi ulikataa kunitoka kichwani: eti msichana wa mashamba ya maua Naivasha alijifunga tumbo kwa leso ili gauni limtoshe, akakosa pumzi, akafa.

Binti yangu Chelagat alikuwa karibu kuposwa. Mimi mwenyewe nilimpa fundi wa nguo picha ya msichana mwembamba kutoka jarida la mitindo, amshonee gauni kama lile.

"Mathe, kitambaa umeleta kinatosha huyu wa picha, si msichana wako," fundi akanicheka.

"Pesa yangu imeishia hapo. Shona tu."

Siku ya kujaribu gauni kwa fundi, Chelagat akasema, "Limenitosha, mama." Nikamshika kiunoni. Chini ya gauni, leso imemkaza tumbo! Akazimia, akaniangukia. Nilikata gauni na leso kwa mkasi wa fundi mpaka akavuta pumzi.

Mama mwenzangu, epuka haya:
kumpimia mtoto gauni kwa picha ya mtu mwingine;
kitambaa kidogo;
kujifunga tumbo;
kumnyamazisha fundi anayekuambia ukweli.