Isale la Fundi Basili

Fundi Basili alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini mbele ya gemu akili zilimruka. Kibanda cha Rishi kilipakana na cherehani yake pale mtaani Pasua, na humo mlikuwa na gemu ya televisheni, ya kuvunja masanduku. Mengi yalikuwa matupu. Mara mojamoja, hakuna ajuaye lini, lilitoka taji la dhahabu. Tangu mwaka 2001 uanze Basili alikuwa amelipata mara mbili, na hizo mbili ndizo zilizomharibu. Lau lingetoka kila mara, angechoka siku ya kwanza. Lakini kila sanduku tupu lilimnong'oneza kwamba linalofuata ndilo lenyewe.

Jumapili dada yake Yuditha, kule Kibosho, alibatizisha mjukuu. Kwao mbuzi hachinjwi mpaka kaka mkubwa afike. Basili, koti liko mwilini tayari, aliingia kwa Rishi avunje sanduku moja tu. Huko mlimani wageni walimeza mate hadi saa kumi jioni, ndipo Yuditha akaamuru mbuzi achinjwe bila yeye.

Jumatatu asubuhi, aibu imemkaba, Basili alikata jani la isale uani kwake. Mchagga akikuletea isale kuomba radhi, huwezi kumkatalia. Ila sikio la kufa halisikii dawa! Alipitia kwanza kwa Rishi, akaliweka jani juu ya televisheni.

"Shikamoo, fundi. Hilo la nini tena?"

"Marahaba. Naiomba radhi gemu yako. Isale halikataliwi."

Akavunja sanduku. Tupu.

Rishi alicheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, hii imetoka Japani. Itazijulia wapi mila zenu?"

Basili naye akacheka, akachukua jani lake akapanda gari la Kibosho.

Yuditha alikuwa jikoni. Alilitazama jani, akalitazama koti la sherehe ya jana, akalipokea jani kwa mikono miwili. Kisha akaonyesha sufuria iliyofunikwa kando ya mafiga.

"Fungua."

Moyo wa Basili ulienda mbio vilevile kama kwenye gemu. Mkono ukasita juu ya kifuniko.

"Fungua, kaka. Unaogopa nini?"

Ndani mlikuwa na fungu lake la nyama, zima, halijaguswa.

"Na kama nisingekuja leo?"

"Ungelikuta siku utakayokuja. Lini nilikunyima?"

Basili alijaribu kukumbuka walau siku moja. Hakuipata. Akavua koti, akaketi, akala kwa furaha ambayo mataji yote mawili hayakuwahi kumpa.