Kuku Aliyekalishwa Eda

Jogoo wa marehemu Yahya alichinjwa siku ya hitma bila mwenyewe kuulizwa, na mwenyewe siku hiyo alikuwa ameshakuwa mjane wake, Saumu. Wageni walikuwa wengi, kitoweo kilikuwa haba, na wifi yake Khadijah, mwanamke asiyeweza kuona jambo bila kulipanga, akanyoosha kidole uani. Saumu alikuwa chumbani amekaa mkekani, kichwa kimefunikwa kanga. Alisikia kelele, kisha kimya. Baadaye akaletewa paja kwenye sahani naye akala kidogo, maana hakuna aliyemwambia ni la nani. Alijua kesho yake alfajiri, nyumba yao ya mtaa wa Kaloleni, si mbali na ziwa, ilipopambazukiwa bila mtu wa kuwika.

Yahya alimwita jogoo yule Hakimu, akidai ndiye peke yake asiyebishiwa pale nyumbani. Akirudi kutoka kwenye duka lake la viungo mjini, alipitia uani kwanza kumjulia hali Hakimu ndipo aingie ndani kwa mkewe. Saumu alimwonea jogoo wivu, mara nyingi kwa utani na mara nyingine si kwa utani. Yeye mwenyewe hakushika kuku hata siku moja. Kwake kuku alianzia sufuriani. Basi Yahya akaanguka na presha asubuhi moja akitawadha, akazikwa alasiri, kabla mwana wao Amir aliyeko Doha hajapata hata tiketi. Hakimu naye kaliwa. Kuku wote wa uani waliliwa, isipokuwa jike mmoja mweusi aliyekuwa amejificha stoo nyuma ya magunia ya makaa.

Wageni walipokwisha kuondoka, Saumu alimkuta huko akiwa amejitandaza juu ya mayai. Alipomkaribia, kuku akatutumua manyoya na kumzomea kwa sauti ambayo Saumu hakujua kuku wanayo. Akarudi nyuma mbio, akaenda kwenye ua wa michongoma na kumwita jirani yake Milka, ambaye amefuga kuku maisha yake yote.

"Huyo analalia," Milka alisema, akiwa ameinama mlangoni pa stoo. "Alikuwa anataga hapa pole pole, hamkujua. Hizo mayai ziko na jogoo ndani, Mama Amir. Ni za yule wa mzee."

"Za Hakimu?"

"Kwani kulikuwa na jogoo mwingine? Wewe mwache tu. Kuku akilalia hasumbuliwi." Akasimama, akajifuta magoti. "Mimi naenda Katito kwa msichana wangu Caren, amejifungua. Nikirudi, hawa watakuwa wameanza kulia."

Akaondoka, na pamoja naye ukaondoka ujuzi wote wa kuku uliokuwa karibu na nyumba ile.

Tangu msiba Saumu hakuwa ametoa chozi. Wanawake waliokuja kumpa pole walimsifu kwa subira, naye akanyamaza, maana haikuwa subira. Ilikuwa ukavu tu, kama mtu aliyesahau kazi fulani inavyofanywa. Lakini sasa alikuwa na kitu cha kungoja. Ndani ya mayai yale mlikuwa na Hakimu, na ndani ya Hakimu mlikuwa na jioni zote za Yahya pale uani. Alijua hesabu hiyo haina kichwa wala miguu. Hata hivyo alitaka kifaranga mmoja tu, awe jogoo, awike.

Akaanza kwenda stoo kila baada ya swala. Kuku alikaa vilevile, macho wazi, kimya. Akirushiwa mchele hakuugusa. Alikuwa amejinyonyoa manyoya ya kifuani, ngozi ikabaki tupu. Saumu alimtazama akajiona mwenyewe. Naye pia alikuwa amekaa. Khadijah alikuwa amemsomea masharti ya eda moja baada ya jingine kana kwamba Saumu ni mgeni wa dini: asitoke bila haja, asijipake hina wala wanja, asitie manukato, avae nguo za kawaida, atulie nyumbani mwake mpaka muda utimie. Hapa palikuwa na mwenzake aliyetulia bila kusomewa na mtu.

"Sisi wawili," alimwambia. Ikawa ndiyo mara ya kwanza kuongea bila kuongeleshwa.

Ndipo asubuhi moja alipokuta mayai yako wazi. Alitoka mbio, akamwona kuku katikati ya uwanja, kwenye vumbi karibu na bomba, amelala ubavu, mabawa wazi, akijirushia mchanga mgongoni na kufumba macho kwa raha. Saumu alikasirika kama aliyemkuta mjane mwenzake harusini. Mumeo hajakaa kaburini, mayai yanapoa, nawe unajigaragaza? Akamswaga hadi stoo, akachukua ubao wa kitanda cha zamani, akauegemeza mbele ya kiota na kuushindilia kwa gunia.

Hakufanya ukatili. Hilo ndilo lililouma baadaye. Alimpelekea maji kwa kikombe na mchele uliochambuliwa, akazoa uchafu kwa kijiko, akamfunika kanga kuukuu pale upepo wa ziwa ulipovuma. Akakaa naye na kumhadithia habari za Yahya, jinsi alivyokuwa akikoroma akibisha kuwa hakoromi, na jinsi nguo zake zilivyonukia bizari hata baada ya kufuliwa. Kuku alisikiliza. Siku zilivyosonga, kilemba chake chekundu kikapauka, na akaacha kuzomea. Saumu akadhani wameshazoeana. Alipoutoa mkono chini ya bawa lake aliona vidoadoa vyeusi vimemwenea kidoleni kama unga wa pilipili manga. Akavipangusa akidhani ni vumbi la makaa.

Milka alirudi kutoka Katito alasiri moja na papai kubwa mkononi, akapitia moja kwa moja kwa jirani yake. Alimkuta Saumu amesimama mlangoni pa stoo.

"Hataki kuamka," Saumu alisema.

Milka aliweka papai chini, akaondoa gunia, akaondoa ubao. Kuku alikuwa bado yuko juu ya mayai, mabawa yameyafunika yote, kichwa kimelala ukingoni. Milka alimwinua, akampindua. Chini ya bawa ngozi ilikuwa imejaa utitiri, wakitembea tele, na wengine wakapanda mikononi mwake.

"Nani alimfungia?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anatoka. Alikuwa anajigaragaza kwa mchanga." Sauti ya Saumu ilikuwa ndogo. "Nilidhani yuko kama mimi."

Milka alipuliza wadudu mkononi mwake.

"Ule mchanga ndio dawa yake. Ndio kuoga kwake. Anatoka kidogo, anakula, anaoga, anarudi mwenyewe. Asipooga, hawa wadudu wanamnyonya mpaka anaisha." Akamlaza kuku chini taratibu. "Mama Amir, huyu hakuwa amefiwa. Alikuwa anazaa."

Maneno hayo hayakusemwa kwa ukali, na ingekuwa afadhali yangesemwa kwa ukali. Saumu alijishika kwenye fremu ya mlango.

Milka alikuwa ameshainama akiokota mayai, akiyaweka sikioni moja moja. Mengine, yaliyokuwa kimya, aliyatenga. Kisha akageuka. "Kuna wawili wanagonga. Bado wako na joto. Keti chini uweke kwa kifua."

Saumu akaketi mkekani, mayai mawili ndani ya kanga, chini ya titi, pale alipomnyonyesha Amir. Hakutikisika. Magharibi ilimkuta hapo, na isha, akaswali kwa kukaa. Alihisi wakigonga, mmoja kwa nguvu na mwingine taratibu, akawajibu kwa kuwasomea aya alizozijua. Alfajiri yule wa taratibu akatoboa tundu, akalia mara chache, kisha Saumu akahisi ganda linapoa juu ya ngozi yake. Hakuwahi kuhisi kitu kikipoa hivyo. Yahya alichukuliwa na wanaume kwenda kuoshwa, na alipoitwa kumuaga alikuwa ameshakuwa baridi.

Yule mwingine akatoka jua lilipochomoza, amelowa, mbaya wa sura, akatoa sauti iliyomzidi ukubwa.

"Ni jogoo?" Saumu aliuliza Milka alipokuja.

"Hiyo hatuwezi jua saa hii. Tungoje awike ama asiwike."

Kuku mweusi walimzika karibu na bomba. Milka akatia jivu kwenye stoo nzima, kisha akalisafisha boksi la viatu likawa nyumba ya kifaranga. Kifaranga hakulitaka. Alimfuata Saumu kila aendako, akilala kwenye pindo la gauni lake anaposwali, akilia akiachwa. Hakuwa na mtu mwingine.

Kabla manyoya ya mabawa hayajakamilika, siku ya kwanza Saumu alipomtoa uani, kifaranga alisimama kwanza akishangaa jua. Kisha akaenda mpaka kwenye vumbi la karibu na bomba, akajitupa ubavu, akaanza kupiga miguu na kujirushia mchanga mgongoni, macho amefumba. Hakuna aliyemfundisha. Aliyekuwa amfundishe alikuwa chini yake palepale.

Saumu alikaa chini kwenye kizingiti. Akalia, akalia kwa sauti, akamlilia kuku, akamlilia Yahya, bila kujua wapi mmoja aliishia na mwingine akaanzia. Milka alitokeza kichwa juu ya michongoma.

"Mos, nyaminwa," alisema kwa Kijaluo chake, pole, dada yetu. Akamtazama kifaranga. "Huyo anafanya nini?"

"Anaoga," Saumu alisema.

"Basi mwache aoge."

"Nimemwacha."