Funda la Meneja

Wanunuzi wawili kutoka ng'ambo walisimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe, wakasema chai ya safari hii imekosa ladha, kwa hiyo bei ishuke. Meneja wa mauzo ya nje alijua kwamba bei ikishuka, kiwanda kitafunga zamu moja, na wanawake wa zamu hiyo watarudi nyumbani mikono mitupu.

"Mwonjaji wenu yuko wapi?" mmoja aliuliza, akitazama mlangoni.

"Ndiye mimi," alisema meneja, uso ukimwasha.

Chai huonjwa kwa kuivuta kwa nguvu mpaka ipige mluzi mdomoni, kisha hutemwa kwenye ndoo. Siku zote alionja peke yake, mlango umefungwa, maana mama yake alimlea anywe bila kusikika. Naibu wake alimnong'oneza, "Dada, niachie mimi. Utaona haya."

"Haya nitaona jioni, kaka. Sasa hivi nina kazi."

Akachota kijiko, akavuta. Mlio ulijaa chumba kizima, hata karani wa chumba cha pili akachungulia. Akatema, akavuta tena kwa sauti zaidi.

"Chai haina kosa," alisema. "Maji hayakuchemka sawasawa. Tuandae upya, mbele yenu."

Birika likachemka. Safari hii wageni nao walivuta, wakatazamana, wakaomba wapunguziwe kidogo tu.

"Bei ni ile ile," alisema, akifuta midomo bila haraka.

Yule aliyemuulizia mwonjaji akavuta kiti, akaketi mbele yake, akataka kujua meli itapakia lini.