Ngoma Isiyoota Moto

Mbuke alikuwa amekwisha kujitwika mtungi alipokumbuka shanga zake. Alizivua kisimani wakati wa kunawa, akaziweka juu ya jiwe.

"Ziache, shoga, kesho utazikuta," wenzake wakamwambia.

Lakini shanga zile alipewa na mchumba wake, Mihayo, siku alipoondoka Songwa kwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu ili apate ng'ombe wa mahari. Mbuke akarudi peke yake.

Juu ya jiwe lilikaa jitu, refu kuliko ghala la mtama, limezivaa shanga kidoleni.

"Njoo uzichukue," likasema.

Aliponyoosha mkono, likamkunja, likamtia ndani ya ngoma yake na kuwamba ngozi juu. "Nikipiga, uimbe. Ukitaja jina lako, nakumeza."

Toka hapo jitu likashika njia ya magharibi na ngoma yake iimbayo, kambi hata kambi. Watu waliliogopa, wakalipatia nyama; na kadiri lilivyoogopwa ndivyo lilivyozidi kurefuka. Mbuke, mle gizani, hakuacha kusali. Aliomba pumzi tu, na Mungu akampa pumzi.

Jumapili moja, mchana, jitu likafika Rwamgasa. Wachimbaji walikuwa wamezilaza ngoma zao karibu na moto ngozi zikaze, maana hakuna mpigaji asiyefanya hivyo. Mihayo, ambaye ndiye aliyewaongoza kwa kupiga, akaona ngoma ya mgeni imewekwa mbali kabisa. Ilipopigwa ikaimba wimbo wa kulimia wa kwao Songwa, kwa sauti aliyoijua. Akatambua kuwa Mbuke yumo ndani. Akajizuia asimwite jina, kwa kuwa alihofu jitu likijua amemtambua litammeza mbele ya macho yake.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba."

"Ngoma yako haijaota moto."

"Haihitaji."

Mchimbaji mmoja, Donatus, mtu wa utani, akadakia, "Hiyo ni ngoma au debe la mafuta ya taa?"

Watu wakacheka, na jitu likapungua shubiri nzima. Mihayo akaliona hilo, akaliweka moyoni.

"Mgeni hapashi ngoma yake mwenyewe," akasema. "Kaa unawe, mzee, ule nyama. Nitaipasha mimi, kwa mbali, isiungue."

Jitu lilikuwa limeona haya, tena harufu ya nyama ililivuta. Likakubali.

Mihayo akaibeba ngoma hadi nyuma ya lundo la mawe, akakata kamba. Mbuke alikuwa amejikunja kama ndama tumboni. Walitazamana tu, machozi yanawatoka, wala hakuna aliyethubutu kusema. Mihayo akamfunika kwa shuka yake, akaijaza ngoma mchanga wa shimoni, akaiwamba tena, akalirudishia jitu. Kwa nguvu zake jitu halikuhisi uzito. Likapiga. Pu. Likapiga tena. Pu.

"Mzee, ngoma yako imekula kuliko wewe," Donatus akasema.

Kicheko kikaanza. Jitu likafika kiunoni mwa watu.

"Mpeni kigoda tumwone!"

Likafika magotini. Wakazidi kucheka hata wenye kulia wakalia, na jitu likawa kama panya, likakimbilia shimo la zamani, likatumbukia. Hakuna aliyelifuata.

Miguu ya Mbuke ilikuwa imekakamaa. Mihayo akaikanda kwa samli kila asubuhi, taratibu, mpaka akasimama. Kisha mfanyabiashara mmoja akawapa nafasi nyuma ya lori lake lililofunikwa turubai. Mbuke akalitazama lile turubai, akatikisa kichwa.

"Nitatembea," akasema. "Nataka mbingu juu yangu."

"Basi tutatembea," Mihayo akajibu, akaliacha shimo lake kwa wenzake, ijapokuwa hakuwa amepata kitu.

Walipofika Songwa, Zipora, mama yake Mbuke, alikuwa akipepeta mtama. Mbuke akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Ungo ukamponyoka. "Wabeja, Mungu wangu," akasema kwa Kisukuma, "wabeja, wabeja," na hakuweza kusema shukrani nyingine.

Mihayo alisimama mbali, ameinamisha kichwa. "Mama, sikuleta ng'ombe."

"Nimekuuliza ng'ombe?" Zipora akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Wewe mwanangu, acha kusimama kama mdaiwa. Mbuke, mpe mumeo maji anawe."